Bendera ndani ya kitabu: Hedi Kyle na karatasi inayojishika yenyewe

Kitabu cha bendera kikiwa kimefungwa kinafanana na kitabu chochote chembamba chenye jalada gumu. Shika jalada moja kwa mkono wa kushoto, jingine kwa mkono wa kulia, kisha vuta polepole. Safu tatu za kadi, hizo ndizo bendera, zinaanza kupishana, ya juu na ya chini zikielekea upande mmoja na ya kati upande wa pili, huku kadi zikigongana kwa mlio mkavu kama karata zinazochangwa. Vuta hadi mwisho, na vipande vya picha vilivyokuwa vimetawanyika vinalala bega kwa bega, vinakuwa picha moja ndefu. Hakuna uzi wala mshono. Kazi yote inafanywa na karatasi moja iliyokunjwa marinda, pale ambapo vitabu vingine vina mgongo.

Muundo huu ulibuniwa na Hedi Kyle mwaka 1979. Wasanii wanamjua kwa bendera hizi. Wahifadhi wa nyaraka wanamjua kwa kazi nyingine: kwa miaka mingi alikuwa mhifadhi mkuu wa American Philosophical Society mjini Philadelphia, jumuiya iliyoasisiwa na Benjamin Franklin mwaka 1743, ambayo maktaba yake inatunza shajara za msafara wa Lewis na Clark, wapelelezi waliovuka bara la Amerika Kaskazini mwanzoni mwa karne ya 19. Alizaliwa Ujerumani, akasomea sanaa Wiesbaden, akaja kujifunza kujalidi vitabu New York. Akafundisha katika Center for Book Arts, kituo kilichofunguliwa na Richard Minsky mwaka 1974. Philadelphia nako, pamoja na kutibu hati za zamani, alifundisha sanaa ya vitabu kwa wanafunzi wa uzamili katika University of the Arts.

Wanaoandika habari zake huwa wanagawa: huku msanii, huku mwalimu, huku mhifadhi. Naona mgawanyo huo unaficha jambo lenyewe. Tengeneza miundo yake kwa mikono yako na utaona kila mmoja unajibu swali la mezani kwa mhifadhi: nitaishikaje karatasi hii bila kuiumiza, na atakayekuja baada yangu ataitoaje?

Swali hilo lina historia ya machungu. Vitabu vingi vilivyoharibika kwenye maktaba havikuharibiwa na muda peke yake, bali na waliojaribu kuvitengeneza. Gundi nene ya mgongoni ikikauka inakuwa kama kioo. Msomaji akifungua kitabu, mgongo unapasuka na kurasa zinatoka kwa vitita. Selotepu ndiyo mbaya zaidi. Mwanzoni gundi yake inakaa juu ya karatasi, kisha inalainika na kuzama kati ya nyuzi, inageuka njano na baadaye kahawia. Plastiki inabanduka yenyewe, doa linabaki, na mpasuko uko palepale. Ndiyo maana wahifadhi walizoea kuweka ukanda wa karatasi ya marinda kati ya vitita vya kurasa na gundi ya mgongo: gundi inashika marinda, kurasa za zamani zinabaki safi. Kwenye kitabu cha bendera ukanda uleule umetoka mafichoni. Umekuwa kitabu chenyewe.

Hivi ndivyo kinavyotengenezwa, kwa vipimo vya kitabu cha kujifunzia.

Kwa marinda chukua manila ya gramu 160 hadi 200, ukate ukanda wenye kimo cha sentimita 15 na urefu wa sentimita 24. Kabla ya kukata, tafuta mwelekeo wa nyuzi. Ipinde karatasi taratibu bila kuivunja, kwanza upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande unaopindika kwa urahisi ndio ambao mkunjo unakwenda sambamba na nyuzi. Kwenye ukanda wetu nyuzi lazima zifuate kimo, yaani zile sentimita 15. Ukizikata nyuzi kwa kukunja kinyume, mikunjo itapasuka juu kama rangi ya ukutani, na marinda yatakuwa yanarudi yenyewe, hayataki kulala.

Piga alama za penseli kila baada ya sentimita 2, juu na chini, rula ikiwa imetulia mahali pamoja. Ukiisogeza rula kwa kila alama, kosa la nusu milimita linajumlishwa mara kumi na moja na rinda la mwisho linapinda. Unganisha alama kwa kuchora mfuo kwa kalamu ya wino iliyokwisha, ukiongozwa na rula ya chuma, kisha kunja: bonde (mkunjo unaozama), mlima (mkunjo unaoinuka), bonde, mlima, hadi mwisho. Utapata vipande 12. Cha kwanza na cha mwisho ni vya kugandishia majalada. Vile 10 vya katikati vinatoa milima 5.

Bendera ni 15, tano kwa kila safu, za manila nzito zaidi, gramu 220 hadi 250, kila moja kimo sentimita 4.7 na urefu sentimita 12. Kwa nini 4.7 na si 5 kamili? Safu tatu zinahitaji nafasi ya milimita 3 kati yake, na milimita moja na nusu juu na chini. Bila nafasi hiyo, safu zinapopishana kingo zinasuguana, zinanasa, na mtu anayevuta kwa nguvu anang'oa bendera. Nyuzi za bendera zielekee sawa na za marinda, kwa sababu karatasi mbili zilizogandishwa nyuzi zake zikipishana huvutana gundi inapokauka na kujikunja kama jani.

Safu ya juu na ya chini zinagandishwa kwenye mteremko wa kulia wa kila mlima, safu ya kati kwenye mteremko wa kushoto. Mzizi wa bendera, yaani upande wake unaogandishwa, ukae milimita 1 kutoka bondeni, na bendera ipite juu ya kilele kuelekea upande wa kufungulia. Mzizi ukivuka bonde hata kidogo, mkunjo unakuwa umezibwa na kitabu hakifungi. Kata kipande cha kadibodi chenye upana wa milimita 3 ukitumie kupimia nafasi kati ya safu. Jicho peke yake linadanganya kuanzia bendera ya tatu. Gundi nyeupe ya mbao inafaa, ila ipakwe nyembamba kwenye mzizi tu, sentimita 1.5 zinatosha, na kati ya kila bendera uweke kipande cha plastiki laini mpaka ikauke. Gundi iliyofurika ukingoni ndiyo inayogandisha bendera mbili pamoja, na huwezi kuzitenganisha bila kuchana uso. Tepu ya pande mbili inavutia kwa sababu ni ya haraka, lakini kwenye joto inalegea na bendera zinaanza kuteleza.

Majalada ni kadibodi ngumu ya milimita 2, kimo sentimita 15.6, upana 12.5. Mkunjo wa kwanza wa marinda ukae sawasawa na ukingo wa jalada wa upande wa mgongo. Gandisha jalada la kwanza, funga kitabu, kipange kikae wima, ndipo ugandishe la pili likiwa limefunika la kwanza ukingo kwa ukingo. Ukiyagandisha yote mawili kitabu kikiwa wazi mezani, mara nyingi kitafunga kwa kupinda.

Sasa picha. Hapa ndipo wengi hukata picha yao vipande sawasawa na kushangaa inatoka vurugu. Kitabu kikivutwa hadi marinda yalale, kila mlima unachukua sentimita 4, lakini bendera ina sentimita 12. Kwa hiyo bendera ya jirani inafunika mbili ya tatu, na kinachoonekana ni sentimita 4 za ncha. Moja tu kwenye kila safu huonekana nzima: ya mwisho kulia kwa safu ya juu na ya chini, ya mwisho kushoto kwa safu ya kati. Picha ya safu moja ina urefu wa sentimita 28, na picha ya safu ya kati inaanza sentimita 8 kulia kuliko zile nyingine. Chora mpango huo kwenye karatasi kwanza. Sehemu zinazofunikwa si hasara. Maandishi huwekwa huko, na upande wa nyuma wa kila bendera, yasomwe na mtu anayegeuza bendera mojamoja. Kitabu kimoja, kusoma kwa namna mbili.

Baada ya bendera Kyle hakuacha marinda. Katika muundo wake wa taji, pembe za marinda hukunjwa zikawa ncha, na karatasi zilizokunjwa katikati hupachikwa nyuma ya ncha hizo, juu na chini. Zinashikwa na mkunjo tu. Ukitaka kuongeza ukurasa unaupachika. Ukitaka kuutoa unautoa, nao haujatobolewa wala kupakwa chochote. Kwa barua za familia, risiti za zamani, au picha ambazo bado hazijapangwa, sijaona ufumbuzi mzuri kuliko huu. Muundo mwingine aliubuni wakati wa dhoruba ya theluji na ukabaki na jina la dhoruba hiyo: karatasi moja ndefu inayokunjwa mpaka inajifunga yenyewe na kubakiza vifuko vya kuwekea kadi na vijitabu.

Katika kufundisha, chombo kikuu cha fani hii ni kielelezo: kitabu kitupu, kidogo, kisicho na picha wala neno, kinachoonyesha muundo tu. Mwanafunzi anatengeneza, anafungua na kufunga mara ishirini, anaona kinapokwama. Anayefundisha na aige hivyo, na aongeze jambo moja: juu ya kielelezo chenyewe andika kwa penseli uzito wa karatasi, vipimo vyote, na mshale wa mwelekeo wa nyuzi. Kielelezo kisicho na maandishi hayo baada ya mwaka mmoja ni fumbo hata kwa aliyekitengeneza. University of the Arts ilifungwa ghafla Juni 2024, na darasa la namna hiyo likibomoka, vielelezo vilivyo mikononi mwa waliopita pale ndivyo vinavyoendelea kufundisha. Kyle na binti yake walikwisha chapisha kitabu cha maelekezo ya mikunjo mwaka 2018, na hilo limesaidia sana, lakini mchoro hauwezi kukueleza rinda lilegee kiasi gani.

Upande wa hifadhi nao una mikunjo yake. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1966 mto Arno ulifurika Florence, Italia, maji na mafuta yakaingia kwenye maktaba ya taifa. Peter Waters, mjalidi kutoka Uingereza, aliongoza kazi ya kuviokoa vitabu, kisha mwaka 1971 akaenda Library of Congress, maktaba ya bunge la Marekani. Kutokana na uzoefu ule yalikuja mawazo ya kuhifadhi kwa awamu: badala ya kutibu vitabu kumi vizuri na kuacha maelfu yakioza, kila kitabu kipate kwanza boksi lake na kingoje zamu. Boksi la awamu halihitaji mashine. Ni vipande viwili vya bodi vilivyolazwa msalaba, na mabawa manne yanayofunika kitabu.

Tuchukue kitabu chenye kimo cha sentimita 21, upana 15 na unene 3, na bodi isiyo na asidi ya milimita 1. Kipande cha ndani kina upana wa 15.2, na urefu wake unagawanywa hivi: bawa 21, ukuta 3.2, sakafu 21.2, ukuta 3.3, bawa 21. Ukuta wa pili umezidi milimita 1 kwa sababu bawa lake linalala juu ya bawa la kwanza. Kipande cha nje kina upana wa 21.6: bawa 15.2, ukuta 3.5, sakafu 15.4, ukuta 3.6, bawa 15.3. Usifupishe mabawa ili kubana bodi. Bawa linaloishia katikati ya kitabu linaacha mstari kwenye jalada la ngozi, na mstari huo hautoki. Kila mkunjo ufuate nyuzi za kipande chake. Hapa nyuzi za sakafu mbili zitapishana, kwa hiyo gundi ipakwe eneo dogo la katikati tu, kisha zikae chini ya uzito usiku kucha. Funga kwa utepe wa pamba usiotiwa rangi. Raba haifai, ikizeeka inayeyuka na kunata.

Kadibodi ya kawaida ya madukani ina asidi. Kama bodi safi haipatikani, kifunge kitabu kwanza kwa karatasi nyeupe ya fotokopi kabla ya kukiweka kwenye boksi. Nyingi za siku hizi zina chokaa ndani yake, nayo inapunguza makali ya asidi. Hakikisha kwa tone la siki juu ya kipande cha ziada, uangalie kwa lenzi: vipovu vidogo vikitoka, chokaa ipo. Ila michoro ya ramani ya zamani, ile ya mistari myeupe kwenye bluu, usiifunge kwa karatasi yenye chokaa, kwa sababu chokaa inafifisha rangi hiyo.

Kuhusu gundi ya kutibu mpasuko, jibu la wahifadhi ni wanga wa ngano, si unga. Unga una gluteni, protini inayogeuka njano na kuita mende. Wanga safi ukikosekana dukani, kanda unga wa ngano na maji uwe donge gumu, liache nusu saa, kisha lifinye ndani ya beseni la maji hadi maji yawe meupe kama tui. Yaache yatulie usiku kucha, mwaga maji ya juu, kausha kilichobaki chini. Kipimo cha kupika ni kijiko kimoja cha wanga kwa vinne au vitano vya maji. Loweka nusu saa, bandika kwenye moto mdogo, koroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30. Utaona weupe ukiondoka na uji unaanza kupenya mwanga, mwiko unakuwa mzito. Hapo bado, ongeza dakika chache, maana wanga ambao haukuiva vizuri haushiki. Upoe, upitishe kwenye chujio la nailoni mara mbili, uzimue kwa maji hadi uwe kama maziwa ya mgando. Kwenye friji unakaa siku chache. Ukinuka uchachu au ukiona maji yamejitenga, mwaga, pika mwingine.

Mpasuko unazibwa kwa karatasi ya Kijapani ya kozo, yaani ya nyuzi za gome la mforosadi. Usiikate kwa kisu. Chora mstari wa maji kwa brashi nyembamba, ngoja kidogo, ivute kwa vidole. Ukingo unabaki na nyuzinyuzi kama manyoya, nazo ndizo zinazoshika bila kuacha ngazi. Upana wa milimita 5 unatosha. Paka wanga kidogo, iweke juu ya mpasuko, funika kwa kitambaa kisichonata, juu yake karatasi ya kunyonya, kisha uzito. Badilisha karatasi ya kunyonya baada ya dakika 10, halafu acha saa kadhaa. Kosa la kawaida ni wanga mwingi wenye maji mengi: karatasi inavimba pale pa kiraka, ikikauka inabaki na mawimbi, na wino wa zamani unatembea. Jaribu wino kwanza kwa ncha ya pamba yenye unyevu mahali pasipoonekana.

Kwa sisi tulio karibu na bahari, boksi zuri si mwisho wa kazi. Unyevu hewani ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaota, na miji ya pwani inapita hapo kwa urahisi. Rafu ziache ukuta kwa sentimita 10 angalau, ya chini kabisa iwe sentimita 15 juu ya sakafu, feni izungushe hewa, na boksi zisishindiliwe hadi zikose kupumua. Kitabu kilichotoka kwenye nyumba yenye wadudu kisiingie rafuni siku hiyohiyo. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uutoe hewa uwezavyo, ukiweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko. Uache saa 24 mpaka kitabu kifikie joto la chumba, la sivyo umande utatua kwenye kurasa badala ya kutua nje ya plastiki.